Wa Kwanza Kutoka

Katika ukoo wetu, anayetoka wa kwanza kwenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, ndiye anayeosha vyombo vya sikukuu nzima. Hiyo ni sheria ya marehemu baba, na baba alikuwa mtu wa sheria chache lakini ngumu. Dada yangu Lahja na mimi tunashindana kwenye benchi la juu, penye joto kuliko pote, tangu mimi nina miaka tisa na yeye kumi na miwili. Sasa nina hamsini na minane, na mpaka sikukuu hii ninayoisimulia sikuwa nimeosha hata kijiko. Nilikuwa mlevi, nilikuwa mama mbovu, niliwahi kulala kwenye kituo cha basi na kiatu kimoja huku theluji inaanguka, lakini sauna sikutoka wa kwanza hata siku moja. Mtu aliyepoteza vingi hukumbatia kilichobaki. Kwangu kilichobaki kilikuwa hicho.

Pombe niliiacha miaka saba iliyopita, baada ya harusi ya binti yangu Saija. Nilisimama kutoa hotuba, nikaegemea meza ya keki, na keki, meza na mimi tukaenda chini pamoja. Saija hakunisemesha kwa miaka miwili. Ndipo nilipoanza kwenda kwenye kikundi cha Jumatano cha walioacha pombe pale kanisani, mwanzoni kwa sababu ya kahawa ya bure, baadaye kwa sababu nilimkuta Yesu pale. Huku kwetu mtu mzima akisema hivyo, watu huangalia viatu vyao kwa haya. Waviangalie. Bila Yeye ningekuwa nimeshazikwa, na nitalisema hilo mbele ya viatu vya nchi nzima.

Kiongozi wa kikundi chetu anaitwa Toivo, dereva mstaafu wa malori ya magogo, mtu wa maneno manne kwa wiki. Jumatano ya mwisho kabla ya sikukuu aliyatumia yote kwangu.

"Mwizi haji kwenye mlango unaoulinda, Aune," alisema. "Hutafuta ule ambao umesahau kama ni mlango."

Nikaitikia kwa kichwa, nikamwona anajifanya nabii. Milango yangu nilikuwa nayo yote kichwani, nimeihesabu na kuitia komeo.

Miaka yote hiyo saba sikuwahi kwenda kwa Lahja kwenye sikukuu ya katikati ya kiangazi. Nilikuwa nakimbilia kambi ya kanisa, maana siku hiyo jua halizami na watu hunywa kama vile wanalisubiri lizame. Ila mwaka huu Saija alikuwa anabatiza mtoto. Ubatizo ulipangwa Jumamosi, siku ya pili ya sikukuu, palepale kwa Lahja kando ya ziwa. Mwezi wa tano Saija alinipigia simu akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayemshika mtoto mchungaji akimbatiza, na mimi ndiye nitakayetaja jina lake. Huku kwetu jina la mtoto halitajwi mpaka siku hiyo. Waliolijua walikuwa watatu tu: Saija, mumewe, na mimi. Nilitembea nalo mwezi mzima, nikilisema peke yangu nikiosha sakafu.

Kwenye simu hiyohiyo Saija aliongeza neno.

"Ila mama, tone moja tu, hutamshika. Si siku hiyo tu. Hutamshika kabisa. Nimechoka kukusamehe."

"Nimekuelewa, mwanangu."

 Alikuwa na haki, na haki yake iliniuma mpaka usiku.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Lahja nimejihami. Nilibeba chupa yangu ya maji ya beri, yale matunda madogo mekundu ya msituni, na kahawa yangu mwenyewe, maana Veikko, mume wa Lahja, ana tabia ya kutia kitu kwenye kahawa ya wageni na kuita huo ukarimu. Nilichagua kiti cha mwisho wa meza, mbali na sanduku la barafu lenye vinywaji. Kila nilipohisi koo linaanza kuuliza maswali niliingia choo cha nje nikaomba, na siku hiyo niliingia mara nyingi hadi Veikko akaniuliza kama tumbo lina shida.

"Naomba Mungu," nikamwambia.

"Chooni?"

"Ndiko usikonifuata na chupa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Saija alikaa kwenye ngazi na mtoto kifuani, akinitazama mara kwa mara, na kila alipotazama mimi nilikuwa na kikombe cha maji ya beri mkononi. Ilipofika saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeshaanza kujipongeza.

Ndipo Lahja akaja na taulo begani.

"Haya, mlokole. Zamu ya wanawake. Au umemwachia Yesu na sauna pia?"

"Dada, andaa sabuni ya vyombo."

Nilikwenda nikiwa mwepesi moyoni. Nataka nieleweke hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Sisi huambiwa tangu utotoni kwamba ndani ya sauna mtu hukaa kama yuko kanisani. Hakuna matusi mle, hakuna ugomvi. Mama alituzalia mle, na bibi alioshwa mle kabla ya kuwekwa kwenye jeneza. Kwa hiyo nilipovua nguo mlangoni nilivua na ulinzi, nikavitundika pamoja kwenye msumari mmoja. Nilikuwa nimelinda meza, sanduku la barafu na kahawa. Nani hulinda sauna?

Tulipanda benchi la juu. Lahja akachota maji kwa kata akayamwaga juu ya mawe ya jiko, mvuke ukapanda ukatushika mabega. Zikapita kama dakika kumi. Akamwaga tena. Masikio yakaanza kuuma, kama yalivyokuwa yakiuma miaka ile yote, na nikafurahi kwa sababu nilimsikia Lahja anaanza kupumua kwa mdomo. Hiyo ndiyo dalili yake. Akianza kupumua kwa mdomo, amebakiza kata tatu.

"Umenona, lakini huvumilii," nikamwambia.

"Na wewe umekonda, lakini husemi kingine ila Yesu. Yesu wako mwenyewe amezoea joto la jangwani, huyu mvuke wa huku utamshinda."

"Yeye alikaa siku arobaini, dada. Wewe hata robo saa huna."

Tukacheka. Nilimpenda wakati ule, nasema kweli. Nilimwona dada yangu yuleyule aliyenifundisha kuogelea. Kisha akainama chini ya benchi, akatoa chupa ya bia iliyokuwa imelala kwenye ndoo ya maji baridi.

"Ya baba," akasema.

Nikakumbuka, nikiwa nimechelewa. Kila sikukuu ya kiangazi baba alikuwa akimwaga chupa moja ya bia juu ya mawe. Watu wengi huku hufanya hivyo, si ajabu, ni kwa ajili ya harufu tu. Bia ikigusa mawe ya moto hutoa harufu ya mkate unaotoka tanuri. Nilikaa na harufu hiyo utoto wangu wote, na kwenye milango yangu yote niliyoihesabu, huo sikuuweka.

"Lahja, usimwage."

"Ni desturi, bwana. Mtu halewi kwa kumeza mvuke."

Akamimina nusu chupa ndani ya kata, akachanganya na maji, akamwaga.

Sijui niwaelezeje waliojaliwa kutoijua hali hii. Harufu haikuingia puani tu. Iliingia kwenye macho, kwenye ngozi, chini ya kucha. Mate yakajaa mdomoni mpaka ikabidi niyameze. Miaka saba ilikuwa imelala nyuma yangu imetulia, na ghafla ikawa kama jana tu nilikuwa nimesema nitakunywa moja halafu nikalale. Nikaona kabisa kile kinywaji cha kwanza kinavyoteremka kifuani. Nikaona hata glasi.

Lahja akaweka chupa kwenye benchi, kati yake na mimi. Ilikuwa imebaki nusu.

"Hiyo nyingine nitamalizia mimi nikikushinda," akasema. "Mbona umekuwa mweupe? Toka basi. Mlango ule pale."

Na mimi nikasema, "Sitoki."

Ilikuwa sauti yangu ya miaka yote. Nilifumba macho nikaanza kuomba. Niliomba kwa nguvu, midomo inatikisika. Bwana nitie nguvu nikae. Bwana nisaidie nisitoke. Ndani yangu kukawa na maneno mengine yanayopita sambamba na maombi, matamu, yenye busara: mvuke si pombe, hujanywa kitu, mtu mwenye imani ya kweli hakimbii harufu, kaa hapa uwaonyeshe Mungu wako ana nguvu kiasi gani. Yalikuwa maneno mazuri. Yangeweza kusemwa mimbarani.

Lahja akamwaga kata nyingine, ya maji tu safari hii, lakini mawe yalikuwa bado na bia na harufu ikapanda upya. Nikafumbua macho. Mkono wangu ulikuwa kwenye chupa.

Sikuwa nimeutuma. Nilijiambia naisogeza tu, isije ikaanguka ikavunjika, mtu akakanyaga vioo. Vidole vilikuwa vimeizunguka shingo ya chupa, na ubaridi wake ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichokigusa mwaka ule. Lahja alikuwa anautazama mkono wangu. Hakuwa anacheka tena, lakini hakusema neno, wala hakuichukua chupa. Hilo nimemwambia baadaye mara nyingi, na nitamwambia tena: dada, uliona, ukanyamaza.

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa naomba. Nilikuwa namsihi Bwana wa mbingu na nchi anisaidie kukaa karibu na chupa ya bia, ili nisioshe vyombo. Hilo ndilo lilikuwa ombi langu. Nililifunika kwa jina Lake, lakini ndani yake kulikuwa na Aune tu, na kiburi chake cha tangu miaka tisa. Nikaona aibu, na baada ya aibu ikaja hasira, hasira safi iliyoninyoosha mgongo. Ibilisi hakuwa amehangaika kunitafutia udhaifu. Alikuja kwenye kitu pekee nilichowahi kukiweza maishani, akakaa juu yake, akaniambia nisimame imara.

"Shika ushindi wako," nikasema, na sikuwa nasema na Lahja.

Nikaiachia chupa na kukimbia. Kuna yule kijana aliyeuzwa Misri na ndugu zake, aliyekimbia akaacha vazi lake mkononi mwa mke wa bwana wake. Mimi sikuwa hata na vazi la kuacha. Nilipita kwenye msumari wenye nguo zangu bila kuugusa, kwa sababu niliogopa nikisimama nitageuka. Nikautupa mlango wazi, nikatoka kwenye jua la jioni mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa wanakula soseji na viazi, nikateremka gati na mwili wa miaka hamsini na minane ambao haukutengenezewa mbio, nikajitupa ziwani mpaka shingoni. Maji ya mwezi wa sita kwetu hayana huruma. Nilipiga yowe, na yowe lenyewe lilikuwa la furaha.

Lahja akatoka nyuma yangu amejifunga taulo, mikono juu, mwekundu kama beri.

"Ametoka! Jamani, mashahidi ninyi! Miaka arobaini na tisa, leo ametoka!"

Wakapiga makofi. Veikko akagonga sufuria kwa kijiko. Zamani ningepanda gati nikamnasa mtu kibao, lakini nilisimama palepale majini meno yakigongana.

"Nimetoka," nikawaambia. "Tangazeni mpaka kijiji cha pili. Kulikuwa na bia mle ndani na mimi ni mlevi, nikaikimbia. Anayetaka kucheka acheke sasa, nipo."

Makofi yakapungua. Mtu mmoja akaangalia viatu vyake. Veikko akashusha sufuria, akauliza kama nitakula soseji nikitoka, na huo kwa Veikko ni wema mkubwa.

Saija alikuwa ameshafika kwenye gati na taulo. Mtoto alikuwa kwa mumewe. Nilipanda ngazi ya mbao, akanifunika mabega, akainama kunifuta nywele, ambazo hazikuwa zimegusa maji. Mikono yake ikasimama.

"Mama, unanuka bia."

Alisema polepole. Nikajinusa bega. Ni kweli, mvuke ulikuwa umeingia kwenye nywele zote. Nilikuwa nanuka kama mwanamke aliyetoka baa.

"Sijanywa, mwanangu. Imemwagwa kwenye mawe."

 Alirudi nyuma hatua moja, na uso wake ukawa ule wa siku ya keki. Nilidhani kukimbia ndiko kulikokuwa kugumu. Kumbe kugumu kulikuwa kusimama pale na kutazamwa hivyo.

Lahja akaja mbio, ushindi umemtoka wote.

"Saija, mwanangu, ni mimi nimemwaga. Ilikuwa desturi ya babu yako. Mama yako hajagusa tone, naapa."

"Mama mkubwa," Saija akasema, bila kuniondolea macho, "ulikuwa unaapa hivyohivyo nilipokuwa mdogo. Ulikuwa unaniambia mama ana mafua."

 Ilikuwa kweli tupu. Alinifichia miaka mingi kwa upendo, na leo alipokuwa anasema ukweli, ushahidi wake haukuwa na thamani ya kiberiti.  Nilijua kwamba hakuna neno ambalo mtu yeyote angeweza kulisema kwa niaba yangu, kwa sababu maneno yote nilishayatumia mimi mwenyewe, nikiwa nimelewa.

"Basi fanya ulivyokuwa unafanya," nikamwambia.

Akaelewa. Alipokuwa na miaka saba, minane, alikuwa akirudi shuleni ananikuta nimelala kwenye kochi, na kabla ya kuvua begi alikuwa anainama, anaweka pua karibu na mdomo wangu ili ajue jioni itakuwaje. Alidhani sijui. Nilikuwa najua, nikijifanya nimelala. Katika dhambi zangu zote hiyo ndiyo ninayoitubu mpaka leo.

"Mbele ya watu?" akauliza.

"Mbele ya watu. Nilianguka mbele ya watu."

Nikafungua mdomo, kama farasi mnadani, nimesimama pale kwenye gati na taulo tu mwilini. Saija akasogea. Akashika taya langu kwa mkono mmoja, akainama, akanusa. Akanusa mara ya pili, taratibu, kwa macho yaliyofumbwa. Nilihisi pumzi yake kwenye mdomo wangu. Ilikuwa na harufu ya maziwa.

Kisha akaniachia. Hakunikumbatia. Sisi si watu wa kukumbatiana hovyo, na isitoshe hakuwa amemaliza.

"Beri," akasema. "Beri na kahawa."

"Ndiyo."

"Kesho asubuhi nitakunusa tena, kabla sijakupa mtoto."

Nikasikia Lahja anaguna nyuma yangu, akisema jamani, inatosha sasa, mwanamke ameshajidhalilisha vya kutosha. Nikamwonyesha mkono anyamaze. Haikuwa inatosha. Neno hilo la inatosha nilikuwa nimeshaachana nalo.

"Ninuse kesho," nikamwambia binti yangu. "Ninuse keshokutwa. Ninuse kila utakapoona nimekaa kimya sana au nimecheka sana, na usinionee haya. Na siku mtakayoniosha mle ndani ya sauna kabla ya jeneza, uiname uninuse na siku hiyo pia."